Kompyuta ya nyumbani: mfumo upi hautakumalizia bando?

Malalamiko yaliyonifikia siku hizi yana sura moja. Mtu amenunua laptopu mjini Nairobi, amefika kwake Umoja au Rongai, ameiunganisha na hotspoti ya simu amalizie kazi ya ofisini, na kabla ugali haujaiva anapokea ujumbe kuwa bando imekwisha. "Dada, hata YouTube sijafungua," aliniandikia mmoja, "sasa hizo GB zimeenda wapi?" Alipompigia aliyemuuzia, akaambiwa huenda ni virusi, ailete dukani awekewe kinga kwa bei ya mteja.

Si virusi. Ni mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiendesha kompyuta, uliokuwa ukijisasisha kimyakimya. Miongozo mingi ya kuchagua kati ya Windows, Mac, Linux na Chromebook itakueleza habari za kasi, urembo wa skrini na wingi wa programu. Swali la nani analipia data ya masasisho hakuna anayeligusa, kwa kuwa wanaoiandika wana faiba ambayo hawaihesabu. Kama na wewe unayo, hongera. Mimi leo nawaandikia wanaoishi kwa bando, na wale wa waifai ya ploti ambayo saa mbili usiku kila nyumba inaivuta upande wake.

Mambo ya kasi nayaacha. Kuandika barua, kuangalia filamu, kuingia eCitizen ya huduma za serikali, kumfungulia mtoto kazi ya shule: mifumo yote minne inaweza.

Ya kwanza: Linux Mint

Huu ni mmoja wa mifumo ya ukoo wa Linux. Naupendelea waziwazi, na nitaeleza kwa nini. Mint haipakui sasisho mpaka uiambie. Inachofanya yenyewe ni kuangalia kama kuna kipya, jambo jepesi, kisha kialama cha ngao pale pembeni chini ya skrini kinakupa ishara. Ukikibofya, orodha inafunguka: kila sasisho kwenye mstari wake, kisanduku cha tiki kando, ya usalama yakiwa na alama yake. Sasa tazama chini kabisa ya dirisha hilo. Kuna mstari mdogo wa maandishi unaosema umechagua masasisho mangapi na yana uzito gani kwa jumla. Ukiona MB 400 na simu imebakiwa na MB 500, unaondoa tiki kwenye mazito, unabakiza ya usalama, mengine yanangoja siku utakayomtembelea shemeji mwenye faiba.

Toleo la 22 lilitoka Julai 2024 na litaendelea kupata masasisho hadi 2029. Ni bure kabisa. RAM ya GB 4 inaitosha. Kuipakua kwa mara ya kwanza kunakula karibu GB 3, lakini ukishaiweka kwenye flashi, flashi hiyo itazunguka ukoo mzima. Tena unaweza kuiendesha kutoka kwenye flashi hiyohiyo, ukaona kama waifai, sauti na kamera vinafanya kazi, kabla hujagusa chochote kwenye diski.

Usiichanganye na Ubuntu, Linux nyingine, ingawa Mint imejengwa juu yake. Ubuntu hujiwekea masasisho ya usalama yenyewe, na programu zake za aina ya snap hukagua matoleo mapya mara nne kwa siku na kujipakulia. Kuna amri ya kuzizuia, lakini ni mama yupi wa nyumbani utamketisha umfundishe kuandika amri? Mint ilizifungia snap mlango tangu toleo la 20, mwaka 2020, na kwa hilo tu ningewanunulia chai.

Ina mapungufu, naam. Vijana wanaocheza FC, ule mchezo wa mpira wa EA, wasahau, kwa kuwa mtambo wake wa kuwanasa wadanganyifu haukubali Linux. AutoCAD, Photoshop na QuickBooks ya kuweka kwenye mashine hazina toleo la Linux. LibreOffice, programu yake ya ofisi, hufungua mafaili ya Word, ila mpangilio unaweza kuteleza, kwa hiyo CV igeuze PDF kabla ya kuipeleka saiba kuchapisha. Na kuhusu kodi ya KRA, ambalo ndilo mnaloniuliza kuliko yote: mwenye mshahara peke yake hujaza ritani palepale kwenye tovuti ya iTax, na mwenye mapato mengine atapata fomu ya ODS, ya kufungua kwa LibreOffice, kando ya ile ya Excel. Usingoje tu usiku wa tarehe 30 Juni, maana hapo hata Windows haitakuokoa.

Faida ya ziada: vile virusi vya flashi za saiba, vinavyogeuza folda zako zote kuwa njia za mkato, vimeandikiwa Windows. Huku havina pa kushika.

Ya pili: Windows 11, baada ya kuitia adabu

Ukiitoa tu dukani na kuiunganisha, Windows huichukulia kila waifai kama bomba la bure. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa furushi la marekebisho, na furushi hilo ni la mamia ya megabaiti. Toleo kubwa la mwaka linaweza kufika gigabaiti kadhaa. Juu yake kuna OneDrive: ukiingia kwa akaunti ya Microsoft wakati wa kuianzisha, inaweza kuanza kupeleka picha na nyaraka zako mawinguni bila wewe kujua, hadi GB 5 za bure zijae. Hapo unalipia kupakua na unalipia kupakia.

Dawa ipo. Fungua Settings, nenda Network & internet, ingia kwenye sifa za hotspoti yako, uwashe Metered connection. Papo hapo masasisho mengi yanasimama na OneDrive inatulia. Kumbuka inahesabiwa kwa kila mtandao peke yake: ukibadilisha simu au jina la hotspoti, washa upya. Kisha tafuta Delivery Optimization uizime, kwa sababu kazi yake ni kuigawia kompyuta nyingine vipande vya masasisho uliyokwisha kuyalipia. Ukitaka kujua nani amekula nini, Data usage kwenye mipangilio hiyohiyo itakupangia programu moja moja, na utashangaa.

Kabla ya hayo yote lakini, mashine yenyewe ikubali Windows 11. Inahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya Core ya kizazi cha nane kwenda juu. Hapo ndipo laptopu nyingi za mitumba zinapoanguka. HP EliteBook 840 G3 ni kizazi cha sita, G4 ni cha saba, G5 nyingi ndizo za nane. ThinkPad T470 haikubaliwi, T480 nyingi zinakubaliwa. Dell Latitude 7480 haikubaliwi, 7490 nyingi zinakubaliwa. Soma namba ya prosesa: i5-7300U ni ya saba, i5-8350U ni ya nane. Windows 10 nayo iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza ya usalama waliyopewa watu wa nyumbani inafika Oktoba 2026 tu, tena kwa kujiandikisha.

Sasa nenda Luthuli au Moi Avenue uulize. "Hii ni Core i5, madam, iko na Windows 11 tayari." Core i5 ya mwaka gani? Kimya. Anakuonyesha kibandiko. Ni G3, na hiyo Windows 11 imeingizwa kwa kuruka ukaguzi. Itawaka, itapendeza, na toleo kubwa likitoka haitalipata kwa njia ya kawaida. Mteja ndiye atakayerudi baada ya mwaka na kulipa tena "kufanyiwa Windows".

Linaloniudhi zaidi ni leseni. Laptopu hizi za ofisi kutoka Uingereza na kwingineko mara nyingi zilitengenezwa na ufunguo halali wa Windows Pro ndani ya ubao wake. Ukiweka Windows ya aina ileile, inajitambua yenyewe, bila senti. Lakini fundi wa duka ana flashi yake moja yenye Windows ya kuvunjwa, na ndiyo anayoipachika kwenye kila mashine inayoingia mlangoni. Kitu halali kimekuja bure, yeye anakifuta, anaweka cha wizi, halafu anakutoza. Kuna njia ya kumpima hapohapo kaunta. Fungua kidirisha cha amri (Command Prompt), andika slmgr /xpr, bonyeza Enter. Ikisema imewezeshwa kwa kudumu, mnaweza kuendelea kuzungumza bei. Ikitaja tarehe ya kuisha, ni leseni ya aina inayopewa kampuni; mwulize ofisi gani iliyompa. Leseni ya Windows 11 Home kwa bei ya Microsoft ya Marekani ni dola 139, karibu shilingi 18,000, kwa hiyo anayekwambia ameijumuisha "orijino" kwa mia tano anakuchezea shere.

Ya tatu: Mac

Nzuri, ina betri ya kudumu, na ni ghali. MacBook Air ya chipu ya M4 ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2025 kwa dola 999. Weka usafiri, weka VAT ya asilimia 16, weka faida ya muuzaji, kisha kumbuka Apple haina duka lake hapa Kenya. RAM huwezi kuongeza baadaye. Na masasisho yake ni mazito, hata dogo mara nyingi linapita GB 1. Kuna Low Data Mode ya kuwasha kwa kila waifai, na inasaidia, lakini mtu aliyetoa pesa hizo kwa laptopu huku akiishi kwa bando ya siku aliupanga vibaya mfuko wake.

Zile za mitumba ndizo za kuogopa. MacBook Air ya 2017 bado inauzwa mjini kama dhahabu, ilhali mfumo wake, macOS, uliishia toleo la Monterey, ambalo halisasishwi tena. Na zote za prosesa ya Intel ziko njia hiyohiyo: macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kuzipokea, tena baadhi tu.

Chromebook

Ya bei rahisi, ya mtoto, ya kivinjari peke yake. Bila intaneti inabaki na kazi chache, kwa hiyo kwa msomaji wa bando inajipinga. Zilizotoka 2021 na kuendelea zinapata masasisho kwa miaka 10, zile za zamani zilizomwagwa sokoni kutoka shule za ng'ambo ni bahati nasibu. Kabla ya kulipa, washa, ingia Settings, About ChromeOS, kisha maelezo zaidi, usome ratiba ya masasisho imeandikwa mwaka gani. Muuzaji akisema haina chaji, ya kujaribia haipo, mwenye chaja ametoka kidogo, rudisha pesa kwenye mkoba uvuke barabara. Maduka ya laptopu Moi Avenue hayajawahi kuwa haba.