Kubandua wolpepa kuukuu: ununue nini kwanza, uache nini dukani

Wolpepa ya sebuleni kwangu, Ligula, Mtwara, ilistahimili misimu mitatu ya mvua. Wa kwanza ilivimba, wa pili ikaachia kwenye kona, wa tatu weusi wa kuvu ukaanza kuchungulia chini ya maua ya dhahabu. Nikaenda mjini kutafuta vifaa, nikarudi na mfuko mzima, na vingi mpaka leo viko uvunguni mwa kitanda. Ningejua, ningenunua kwa mpangilio huu.

Kabla hujatoa hata shilingi, dondoshea ukuta tone la maji. Likizama, hiyo ni karatasi, na kwa kawaida imeshikwa na gundi ya unga inayokorogwa kwa maji; maji hayohayo ndiyo yatakayoitoa. Likiteleza kama juu ya jani la mgimbi, hiyo ni plastiki. Sasa bandua kona uone mgongo wake. Ukinata vidole, ni stika, na hizo ndizo zilizojaa mitaani kwetu pamoja na zile za sponji zenye sura ya tofali. Gundi ya stika haishughuliki na maji, dawa yake ni joto.

Namba moja, bila ubishi, ni skrepa. Ila usipokee ya kwanza unayopewa. Ibonyeze ncha juu ya kaunta, muuza duka akikutazama vibaya mwache atazame: bati lipinde kidogo halafu lirudi. Lisilopinda kabisa litachimba lipu, na linalobaki limepinda si la kazi. Angalia pia linapoingia kwenye mpini. Zuri linapita hadi mwisho. Baya limechomekwa kidogo tu, na siku ya kazi utabaki na mpini mkononi. Chukua mbili, ya inchi tatu au nne kwa ukuta, na ya inchi moja na nusu ya kuzungukia soketi na kona. Ukifika nyumbani pitisha tupa kwenye pembe za bati ziwe butu, maana pembe kali ndizo zinazochora ile mistari utakayokuja kuijaza puti kwa gharama yako. Na kwa hewa hii yetu ya chumvi, ukimaliza kazi ifute uipake mafuta, usije ukaikuta na kutu.

Namba mbili ni chupa ya kupulizia, ndoo na sponji. Maji yawe ya moto kiasi mkono unavumilia, na sabuni ya maji kidogo ndani. Pulizia, subiri kama robo saa, pulizia tena, ndipo ukwangue. Wengi tunashindwa kwenye kule kusubiri, tunaanza kukwaruza karatasi kavu kisha tunailaumu skrepa. Mimi nilitaka njia ya mkato: jirani akaniazima pampu ya mgongoni aliyokuwa anapulizia mikorosho. Niliisuuza mara mbili nikaona inatosha. Haikutosha, sebule ilinuka dawa na watoto tukawahamishia chumba kingine. Pampu iliyowahi kubeba dawa ya shamba isiingie ndani ya nyumba. Na kabla ya kulowesha ukuta, zima umeme kwenye breka.

Namba tatu, kwa wenye stika, ni draya ya nywele. Pengine ipo tayari nyumbani, omba ruhusa tu. Pasha kona mpaka gundi ilegee, kunja kipande kijilalie chenyewe, uvute taratibu huku joto likitangulia. Hitigani, ile ya mafundi wa tinti za magari, ni ya haraka zaidi lakini joto lake huweza kuvuka nyuzi 500. Plastiki ikiungua hutoa moshi unaochoma koo, na sponji inashika moto. Kwa mtu asiyeizoea, draya inatosha.

Rola ya miiba naiweka ya nne. Inatoboa plastiki yenye mgongo wa karatasi ili maji yapenye. Kwenye lipu ya saruji haina neno. Kwenye skimingi ya jipsamu, lile tabaka jembamba laini la kusawazisha ukuta, itakuachia vishimo chumba kizima; huko bora uchane mistari michache kwa wembe, mkono ukiwa mwepesi.

Mashine ya mvuke ni ya tano, si kwa sababu ni mbaya. Kwa karatasi zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka haina mpinzani. Lakini kwa chumba kimoja ni pesa nyingi, huenda ukalazimika kuiagiza Dar, na ukiikawiza juu ya jipsamu, jipsamu inalainika na kutoka pamoja na karatasi. Wenye nyumba za zamani Mikindani, za mawe na chokaa, nao waende nayo polepole.

Mafuta ya taa achana nayo. Gundi yanatoa, ila yanaacha ukuta na mafuta na rangi haishiki. Tumia spirit kwenye kitambaa, madirisha wazi, jiko limezimwa. Kuvu paka jiki iliyochanganywa na maji, lakini kama ulishapaka siki kulainisha gundi, suuza kwanza: siki na jiki zikikutana zinatoa gesi ya sumu. Msasa wa mashine juu ya rangi ya zamani nao uache, vumbi lake linaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Tatizo la huku kwetu ni kwamba hela ya korosho na mvua hufuatana karibu sana. Ukingoja minada, utabandua ukuta mbichi. Bandua wakati wa kusi, kuanzia Juni, hela ya rangi itakukuta ukuta ukiwa tayari. Kabla ya puti, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu pande zote, ulale. Asubuhi ukikuta jasho ndani yake, fundi arudi wiki ijayo.