Ritalin miezi mitano: kichwa kimetulia, usingizi ndio ulileta kesi

Mi ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu, niliandikiwa Ritalin juu ya ADHD, ile shida ya akili kurukaruka ambayo nilidhani ni ya watoto tu mpaka nikaambiwa ninayo nikiwa na miaka 31.

Kazi inafanya. Zamani nilikuwa nafungua simu nne kwa mpigo, skurubu zote zimechanganyikana mezani, saa hii namaliza moja ndio nashika ingine. Hapo sina neno.

Sasa usingizi. Hii yangu ni ile ya muda mfupi, inashika kama masaa manne hivi alafu inaisha, so kuna kidonge cha pili cha mchana, na mimi nilikuwa nasahau (si ndio ugonjwa wenyewe?) nakuja kumeza saa kumi na moja jioni. Weh! Saa nane usiku niko macho, nimepanga droo zote za jikoni, nasikiza mbu na vyura, mke anakoroma zake. Nikasema hii dawa naacha.

Daktari akaniuliza tu, kabla ya dawa ulikuwa unalala saa ngapi? Nikanyamaza. Ukweli ni saa saba, saa nane, tangu nikiwa bweni, watu walidhani nasoma na tochi kwa bidii kumbe usingizi ndio haukuji. Akaniambia wengi wenye ADHD saa ya mwili imechelewa, melatonini, ile homoni ya usingizi, inaanza kutoka usiku sana. Yaani dawa nilikuwa nimeisingizia nusu ya makosa. Akanipangia saa moja asubuhi na saa sita, nikisahau mpaka jioni basi niache mpaka kesho. Chai ya jioni pia akakata, hiyo imeniuma kuliko yote.

Siku hizi saa tano na nusu nimelala, mara nyingi. Lakini dawa ikiisha mwilini jioni nakuwa mkali bure, mke anajua asiniulize kitu, na mchana chakula hakishuki, hata ngege wa kukaanga naangalia tu.

Nimetoa nyota 4. Bila karatasi ya daktari hupati, na kemisti moja ya town ilinirudisha mara tatu ati stoku imeisha, so usingoje ubaki na kidonge kimoja. Ile ya kumeza mara moja asubuhi niliulizia bei, nikarudi kwa yangu pole pole.