Jezi za soko la Kenya, Lubumbashi: ubora wake na pesa yake inakoishia

Wiki ya mechi ya Mazembe na Lupopo, klabu mbili za Lubumbashi, meza za soko la Kenya (mtaa wa mji huu, si nchi) hujaa nyeusi na nyeupe, njano na bluu, na juu yake zinaning'inia Real Madrid, Barcelona na Manchester United. Nyingi ni nakala. Tunazipima kwa mambo mawili: kama nguo inastahili bei yake, na kama kuna franka inayofika kwenye klabu unayoipenda.

Kitambaa kwanza. Nakala ya bei ya chini ni polista nyembamba inayong'aa. Inyooshe juani, ukiona vidole vyako upande wa pili, iache. Ya daraja la juu, ile ya kubana kama ya mchezaji, ina vitundu vya hewa ubavuni na nembo iliyobandikwa kwa joto. Nembo ya kubandikwa si dalili ya ubandia: hata jezi halisi za wachezaji hubandikwa, na za mashabiki mara nyingi hushonwa. Dalili iko kwenye lebo ndogo ya ndani. Jezi halisi ina namba ya bidhaa. Kwa Nike ni herufi na tarakimu sita kwa jumla, kistari, kisha tarakimu tatu. Itafute kwenye simu. Ikileta nguo nyingine, au jezi za klabu mbili tofauti mezani zina namba ileile, umepata jibu.

Kinachoharibu jezi nyingi hapa ni flokaji. Jina na namba hukatwa kwenye vinili, yaani karatasi ya plastiki, na kubandikwa kwa mashine ya joto, kwa kawaida karibu nyuzi 150 kwa sekunde 10 hadi 15, kwa mgandamizo mzito. Fundi mwenye foleni ndefu huinua mashine mapema. Gundi haishiki, na ukingo wa namba unaanza kujikunja baada ya kufuliwa mara chache. Anayetumia pasi ya nyumbani anapata tabu zaidi, maana pasi haina joto sawa kote. Akizidisha joto, balaa ni jingine: rangi ya polista inageuka mvuke na kupenya kwenye vinili. Namba nyeupe juu ya jezi nyekundu inakuwa ya waridi, juu ya nyeusi inakuwa kijivu. Hilo halifuliki. Omba vinili yenye kinga ya rangi, na kabla ya kulipa kwaruza ncha ya namba kwa ukucha ikiwa imeshapoa. Ikiinuka kidogo, irudi kwenye mashine palepale.

Kufua: subiri saa 24 baada ya flokaji, geuza ndani nje, maji baridi, bila javeli (dawa ya kung'arisha nguo). Vumbi jekundu la Lubumbashi lisisuguliwe kwa brashi. Liache likauke, likung'ute, ndipo uloweke kwa sabuni. Anika kivulini.

Kwa nguo, basi, nakala nzuri yenye flokaji safi inafaa. Kwa klabu haileti kitu.

Hata jezi halisi, inayouzwa Uingereza kwa zaidi ya pauni 80, sehemu kubwa ya bei huenda kwa mtengenezaji, duka na kodi. Klabu kubwa hula kwanza kwenye mkataba: Adidas iliahidi Manchester United angalau pauni milioni 900 kwa miaka 10. Ahadi hiyo imesimama juu ya mamilioni ya watu watakaonunua. Deloitte, kampuni ya wahasibu, ilipohesabu msimu wa 2023/24, klabu 20 tajiri zaidi zilipata takriban asilimia 18 tu ya mapato yao siku za mechi uwanjani. Biashara na televisheni zilibeba mengine. Real Madrid ilivuka yuro bilioni moja, ya kwanza kufanya hivyo. Lakini hiyo televisheni inalipiwa na nani? Na watazamaji, akiwemo mtu wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, anayelipia dekoda kila mwezi. Serikali yetu yenyewe, ya Kongo, ilikubali mwaka 2025 kuilipa Barcelona zaidi ya yuro milioni 40 kwa miaka minne, jina la nchi likae mgongoni mwa nguo za mazoezi. Kinachonunuliwa pale ni macho ya mashabiki, na wengi wa mashabiki hao wako Afrika.

Kamalondo, mtaa wenye uwanja wa Mazembe, hesabu ni tofauti. Uwanja huo unachukua watu wapatao 18,000, haki za televisheni za ligi yetu ni ndogo mno, na klabu imesimama kwa miaka mingi juu ya mfuko wa rais wake, Moïse Katumbi, na mauzo ya wachezaji kama Mbwana Samatta aliyekwenda Genk mwaka 2016. Hapo shabiki anayelipa mlangoni anaonekana kwenye daftari. Inatuuma kuona jezi ya kunguru, jina la utani la Mazembe, ikinunuliwa bandia na watu wenye uwezo wa kununua ya klabu.

Ushauri wetu: ya Ulaya, chukua nakala ukiipenda, lakini usidhani umeichangia timu. Ya Mazembe au Lupopo, nunua kwa klabu yenyewe, saizi moja juu kama ni ya kubana. Tiketi inunuliwe dirishani. Nyongeza ya mlanguzi inabaki mfukoni mwake, na tiketi ikiwa bandia utazuiwa mlangoni ukiwa umeshalipa.