Unga wa asidi ya oksaliki kwa insuleta za kale: uzoefu wangu

Nilianza kukusanya insuleta za zamani za nguzo za simu na telegrafu, vile vikombe vya glasi au kauri vinavyoshika waya na kuzuia umeme usipite kwenye nguzo, kabla sijajua kuzisafisha, na haraka hiyo iliniponza. Insuleta yangu ya kwanza ya kampuni ya Hemingray, namba 42 ya rangi ya maji ya bahari, niliisugua kwa stilwaya mpaka masizi yakaisha. Nilipoiinua kwenye mwanga nikaona mikwaruzo imeizunguka yote kama utando wa buibui. Namba 42 zilitengenezwa kwa wingi mno pale Muncie, Indiana, kwa hiyo kupata nyingine hakukunisumbua, ila ile ya kwanza bado inaniuma.

Ndipo nikanunua unga wa asidi ya oksaliki, ule ambao mafundi seremala hutumia kuondoa madoa kwenye mbao. Nina miezi minane nao, na insuleta kama 30 zimeshapita kwenye ndoo yangu.

Nakoroga unga katika maji ya vuguvugu ndani ya ndoo ya plastiki, natumbukiza glasi, nafunika na kuziacha siku mbili hadi nne. Zilizokaa kando ya reli ndizo sugu, maana moshi wa treni za makaa ya mawe uliziganda miaka na miaka. Asidi hii huyeyusha kutu iliyoshikana na uchafu huo, lakini glasi yenyewe haiidhuru. Baada ya hapo mswaki mkuukuu unatosha.

Siku iliyonifanya niuamini unga huu nilitoa insuleta moja iliyoingia ikiwa nyeusi tii. Nilipoisuuza, kwanza likaibuka jina la Brookfield, kampuni iliyoitengeneza, kisha tarehe: 25 Julai 1865. Hiyo ni tarehe ya hataza ya Louis Cauvet, aliyebuni nyuzi za ndani zinazoiwezesha insuleta kukazwa kwenye kigingi kama parafujo. Kabla yake nyingi zilikuwa laini ndani, na zilichomoka ovyo. Nilikuwa nayo rafuni wiki kadhaa bila kujua imebeba nini.

Kwa insuleta za kauri siuhitaji sana unga huu. Glezi yake, ule utando unaong'aa juu, hutakata kwa sabuni na maji ya moto. Zile zenye chuma kilichosimikwa kwa saruji sizitumbukizi kabisa, kwa sababu asidi hula saruji.

Msitarajie miujiza. Glasi iliyofukiwa ardhini muda mrefu ikapoteza uangavu wake itatoka imefifia vilevile, na pengo la ukingoni litabaki pengo.

Lalamiko langu kubwa ni pakiti. Niliyouziwa haikuwa na onyo lolote kuhusu vumbi, na huu ni unga wenye sumu. Naukorogea nje, nimevaa glavu, miwani na barakoa, na ndoo inakaa mahali ambapo mtoto hafiki. Nikimaliza nasuuza kwa maji yenye bikaboneti ya soda. Na mtu akikushauri utumie asidi ya haidrofloriki kwa kuwa inafanya kazi haraka, mkatalie: hiyo inakula glasi, na inaunguza mwili mpaka kwenye mfupa.

Nautoa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya pakiti. Sasa hivi ndani ya ndoo zimelala insuleta mbili za kampuni ya Whitall Tatum, na kesho kutwa nazitoa.