AnnualCreditReport.com kwa mwenye deni la hospitali: nyota nne kati ya tano

Kama uko Marekani na umenyimwa nyumba ya kupanga au mkopo wa gari kwa sababu ya bili ya hospitali, anzia hapa. Hii ndiyo tovuti iliyoidhinishwa kisheria kutoa bure ripoti za mikopo, yaani kumbukumbu za madeni na malipo yako, za kampuni tatu zinazoziandaa: Equifax, Experian na TransUnion, na unaweza kuzichukua kila wiki. Andika anwani yake herufi kwa herufi, kwa kuwa zipo tovuti za majina yanayofanana zinazodai namba ya kadi ya benki. Hii haidai.

Chukua ripoti zote tatu. Deni linaweza kuwa limeandikwa kwenye moja tu, tena kwa jina la kampuni ya kukusanya madeni ambayo hujawahi kuisikia. Kisha lipime kwa masharti ya kampuni hizo tatu za ripoti zenyewe: tangu Julai 2022, deni la matibabu lililokwisha kulipwa halipaswi kuonekana, na lisilolipwa husubiri mwaka mzima kwanza. Tangu Aprili 2023, la chini ya dola 500 halionekani kabisa. Hapa wengi hukosea, kwa maana kinachohesabika ni kiasi kilichoripotiwa mwanzo. Deni la dola 1,200 ulilolipunguza hadi 400 litabaki palepale mpaka ulimalize.

Nyota moja naikata kwa sababu ya maswali ya utambulisho. Huulizwa mikopo na anwani za zamani, na mgeni mwenye rekodi fupi hukwama. Akikwama, ajaze fomu ya karatasi na kuituma kwa posta. Alama za mkopo, yaani namba inayopima uaminifu wako wa kulipa, nazo hazimo, ripoti tu.

Kosa ukiliona, iandikie barua kila kampuni ya ripoti iliyolichapisha, kivyake, ukiambatisha nakala ya risiti na maelezo ya malipo kutoka bima. Kwa kawaida wana siku 30 hadi 45 za kuchunguza. Usiandike "si langu" kama ni lako. Sema kosa lenyewe ni nini: bima ililipa, kiasi si hicho, au mwaka haujatimia. Pingamizi lisilo na ushahidi hurudi na jibu la "tumehakiki".

Msimwamini anayesema madeni yote ya matibabu yamefutwa kwenye ripoti. Kanuni ya shirikisho ya Januari 2025 ilikusudia hivyo, lakini mahakama ya shirikisho huko Texas iliibatilisha Julai mwaka huohuo.

Na kama deni ni halali na huna uwezo, tovuti hii haitakusaidia zaidi. Nenda hospitali, uombe fomu ya msaada wa kifedha. Hospitali isiyo ya faida inalazimika kupokea ombi lako hadi siku 240 baada ya bili ya kwanza, hata kama deni liko kwa wakusanyaji. Ukikubaliwa, ni wajibu wao kuchukua hatua zinazowezekana ili liondolewe kwenye ripoti. Hesabu siku hizo leo.