Nimelipia nasaba ya mama mkwe, wakamgawa bibi yake akawa wanawake wawili

Kama wazee wako walizaliwa London au Manchester, tovuti hii ya nasaba itakufaa na huna haja ya kuendelea kunisoma. Kama ni watu wa Kisiwa cha Man, kile kilicho baharini kati ya Uingereza na Ireland, kaa hapa kidogo.

Mimi ni mtu wa Mombasa, nimeolewa Ohio. Mama mkwe wangu asili yake ni Man, kama familia kadhaa za Cleveland na viunga vyake, maana watu wa kisiwa kile walianza kuhamia huku tangu miaka ya 1820. Mwaka juzi, karibu na Krismasi, nikamlipia uanachama wa tovuti ya nasaba, ule wa bei ghali ambao unapewa na mtaalamu wa kukusaidia. Jina la tovuti silitaji, sitaki kesi.

Mti wa ukoo ulipanda vizuri hadi kwa bibi wa bibi yake, mke wa mchimba madini wa Laxey. Hapo ukapasuka. Tovuti ikatoa mwanamke anayeitwa Kneale, yumo kwenye sensa na mume na watoto, baada ya 1871 haonekani tena. Ikatoa na mwingine, Quayle, kazikwa Lonan, parokia ambayo Laxey imo ndani yake, na ubavuni mwake wakaandika: hakuolewa, hakuzaa. Jina lao la kwanza ni moja, mwaka wa kuzaliwa ni mmoja. Na jiwe la kaburi, picha yake wameiweka wao wenyewe, lina jina la mume!

Mama mkwe aliyasoma maneno yale kwa sauti, mezani, mbele ya wajukuu.

Jambo lenyewe si la kuhitaji profesa. Wanawake wa Man hawakuwa wakipoteza jina la kwao kwa sababu ya kuolewa. Kwenye rejista za kanisa, makaburini na kwenye wasia, la baba na la mume yaliandikwa pamoja. Sensa ndiyo iliyofuata mtindo wa Uingereza, ikawaweka chini ya mume. Mimi sikuhitaji kuelezwa. Nyanyangu alizikwa Mombasa kwa jina la babake, na hakuna aliyemdhania mwanamwali.

Nikamwandikia mtaalamu. Akakaa wee, kisha akajibu kwamba mwanamke mwenye majina mawili ya ukoo mara nyingi huwa na jambo analolificha, na kwamba wana kifurushi cha kumbukumbu za magereza na mahakama, kwa nyongeza ya bei. Ebo! Marehemu wa watu katulia zake Lonan, leo anafanywa jambazi ili niuziwe kifurushi.

Nikapiga simu. Yule bwana, badala ya kusikiliza, akaniuliza: na jina lako hilo, wewe Man umeitolea wapi? Nikamwambia mimi ni mkaza mwana, na ada ninalipa mimi. Akacheka. Kile kicheko bado ninacho masikioni.

Akang'ang'ania nilete cheti cha kuzaliwa, bila cheti hawaunganishi. Cheti gani? Uingereza walianza vyeti 1837. Man haimo ndani ya Uingereza, ina bunge lake na sheria zake, na kule kusajili vizazi na vifo kulikuja kuwa lazima 1878. Mtu aliyezaliwa kabla ya hapo utamtafuta kwenye ubatizo, na rejista hazikosekani: za parokia ya Ballaugh zinaanzia 1598. Lakini kwenye tovuti yao ukichagua "Uingereza" unatupwa kwenye faharasa isiyomhusu, na hilo mtaalamu wa kulipwa halijui.

Kilichotuokoa ni wasia. Kwa mila ya Man mke alikuwa na fungu lake katika mali ya nyumba, na aliweza kuliandikia wasia mume angali hai. Wasia hizo hadi 1884 zilipita mahakama za kanisa, na Wamormoni wa Utah, kanisa la Marekani linalokusanya kumbukumbu za nasaba, walizipiga picha zamani. Wa kwetu niliuona bila kutoa senti. Majina yote mawili yamo, watoto wote wamo, pamoja na kijana mmoja aliyekwisha kwenda Victoria, Australia, kwenye dhahabu.

Sasa haki nayo isemwe. Nilirudi kwenye tovuti ileile iliyonitukana, maana pesa nilishatoa, nikaandika jina la huyo kijana, na usiku huohuo ikanipa meli yake, ndoa yake, na cheti chake cha kifo. Victoria tangu 1853 waliandika hadi wazazi wa marehemu, na mama alitajwa kwa jina la kwao. Mama: Quayle. Uzao wake uko hai huko, na mama mkwe anazungumza nao kwa video kila Jumapili, anacheka kama msichana. Kwa waliohama ng'ambo tovuti hii ni moto, sijaona mfano wake. Hapa nilikuwa nimeipandisha hadi nyota nne.

Kisha nikawatumia cheti hicho, kimetoka kwao wenyewe, nikiomba wawaunganishe wale wawili. Jibu: asante kwa maoni yako. Juzi nimechungulia, "hakuolewa, hakuzaa" imekwisha kunakiliwa kwenye miti ya watu wengine nisiowajua. Nyota moja. Na ada mwaka huu imepanda. Nilitaka kufuta uanachama, mama mkwe akasema nikifuta ataulipia yeye kwa pensheni yake, kwa hiyo nimelipa.