Honey and Clover, juzuu zote 10: uzoefu wangu

Nimemaliza juzuu ya kumi juzi usiku, umeme ukiwa umekatika, kwa tochi ya simu. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu ambaye hasira bado haijamwisha.

Honey and Clover ni manga, yaani hadithi ya katuni ya Kijapani, ya Chica Umino, iliyotoka kwa mfululizo Japani kuanzia 2000 hadi 2006. Jarida lililoianza likafa, ikahamia jingine, nalo likafa, ikamalizikia la tatu. Hadithi ya wasanii wanaohangaika, yenyewe ikihamahama kama mpangaji! Katikati ya misukosuko hiyo, mwaka 2003, ikachukua tuzo ya manga ya kampuni ya uchapishaji ya Kodansha. Mimi nimesoma tafsiri ya Kiingereza ya kampuni ya Viz, vitabu vya kuazima kwa binamu yangu.

Wahusika ni wanafunzi wa chuo cha sanaa Tokyo. Hakuna mapanga wala majini. Kuna njaa, kodi ya nyumba, na watu wanaopenda wasikopendwa.

Nilinaswa mwanzoni kabisa. Takemoto, anayesomea usanifu majengo, anatuonyesha chumba chake: jengo kuukuu, bafu hakuna, kodi yen 38,000 kwa mwezi. Mimi nachora mabango na kadi za harusi, na chumba changu cha kwanza Sinza kilikuwa ndugu wa hicho. Jirani yake ni Morita, mchongaji mwenye kipaji cha kutisha, ambaye hupotea bila kuaga, kisha hurudi na pesa na katlesi za viazi, akaanguka kulala kama gogo. Ukifanya kazi za oda unamjua mtu wa aina hiyo. Pengine ni wewe mwenyewe wiki ya mwisho wa mwezi.

Kuna Yamada, mfinyanzi, anayempenda Mayama, ambaye naye anamtaka mwanamke mwingine, mjane aliyemzidi umri. Usiku mmoja Yamada amelewa, Mayama amembeba mgongoni, na binti anamwambia anampenda, anarudia, anarudia tena, na jamaa anaitikia tu, taratibu, kila mara. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kuchemsha chai. Mayama mwenyewe ananikera: anamfuatilia yule mjane kama mpelelezi, na mwandishi anataka tucheke. Sikucheka.

Wasiopenda kuharibiwa utamu waruke aya mbili zinazofuata.

Moyo wa hadithi ni Hagumi, mchoraji ambaye kipaji chake kinawatia walimu kiherehere. Kila mtu ana mpango wake juu ya mikono yake. Takemoto anampenda, Morita anampenda. Kisha kioo kinamwangukia na mkono wa kuchorea unaumia vibaya. Morita anamwambia aache kuchora, aishi tu, yeye atamtunza. Kwenye tamthilia nyingi hapo ndipo wimbo ungepigwa na harusi ikafuata. Hagumi anakataa. Anachagua kuchora, na mtu anayemwomba awe naye maishani ni Shuji, mwalimu wake na binamu wa baba yake, aliyemlea kisanii tangu utotoni.

Nilikasirika. Shuji ni mtu mzima, ni ndugu, na Hagumi amechorwa mdogo mno, kama mtoto wa darasa la tatu, jambo ambalo tangu juzuu ya kwanza lilinipa taabu na halijaacha. Lakini nilipotulia nikakumbuka mwaka niliovunjika kifundo cha mkono. Waliokuja kunipa pole wote walinishauri nipumzike, nitafute biashara nyingine, duka la vocha hata. Mmoja tu aliuliza ile kazi ya mteja imefikia wapi, akakaa kunishikia karatasi. Huyo sikumwoa, ni fundi wa kuchomelea pale mtaani. Ila sauti ya Hagumi niliielewa. Anachohitaji ni mtu atakayekaa pembeni wakati mkono unauma na kazi haitoki.

Takemoto ndiye niliyemfurahia kuliko wote. Hana kipaji cha Morita na anajua. Siku moja anapanda baiskeli Tokyo, bila mpango, anakanyaga hadi ncha ya kaskazini ya Japani. Njiani anakutana na mafundi wanaokarabati mahekalu ya kale, wanampa kazi na ugali wa kwao, yaani wali. Sehemu hiyo isome polepole. Na usiambiwe na mtu jina la kitabu lina maana gani. Subiri treni ya mwisho.

Ushauri wa matumizi: usisomee kwenye simu. Kurasa zimejaa, pembeni kuna maneno madogo ya mkono ambayo ndiyo yenye vichekesho, na utayapita. Anza kulia kwenda kushoto. Juzuu mbili za kwanza zina utani mwingi wa kelele, vumilia.

Naipa manga hii nne kati ya tano. Binamu anataka vitabu vyake Jumamosi, tisa atapata.